Aliyetangulia Kwenye Kitabu cha Wageni

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa wino. Doa la buluu, dogo kama punje ya mtama, kwenye ukingo wa mkono wa kulia wa shati jeupe la bwana wa chumba namba kumi na nne. Alilipaka sabuni, akalisugua kwa brashi mpaka likatoka, akavuta shati la pili. Nalo lilikuwa na doa pale pale. La tatu vivyo hivyo, na blauzi iliyofuata pia. Alipofika nguo ya sita aliweka brashi chini akashika kiuno. Watu hawa hawakuwa ndugu, na vyumba vyao vilikuwa mbalimbali. Ni kitu gani walichokiandika wote siku moja, kwa kalamu ya kuchovya, tena wamevaa nguo za kutokea?

Hakumwuliza mtu. Hakuwa mtu wa kuuliza. Katika chumba cha kufulia, tumboni mwa meli ile kubwa ya abiria, chini ya usawa wa maji, walifanya kazi watu tisa, na kati ya hao tisa yeye ndiye ambaye ungeweza kukaa naye zamu nzima usiisikie sauti yake isipokuwa amepiga chafya. Walimwita Kidole. Jina hilo alipewa siku ya kwanza na mkuu wa chumba, mama mmoja wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi. Shangazi alimkuta amesimama mbele ya bango la kanuni ukutani, anasoma mstari mmoja mmoja, kidole kikitambaa chini ya maneno na midomo ikicheza bila sauti.

"Haya, Kidole," akamwambia, "ukifika mwisho wa ukuta uje ushike pasi."

Wenzake wakacheka, jina likaganda. Shangazi hakujua, na hangeweza kujua, kwamba jina hilo binti alikuwa amelikimbia nyumbani. Ni kama lilipanda meli kabla yake, likakaa kumsubiri.

Kanuni ya kwanza kwenye bango ilihusu mifuko. Nguo ya abiria haiingii kwenye mashine kabla mifuko yake haijapekuliwa, na kila kinachopatikana hutiwa kwenye bahasha yenye namba ya chumba. Kazi hiyo alipewa Kidole kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Alishakuta miwani, vidonge, meno ya bandia mara moja, na barua ya mapenzi ambayo Shangazi aliisoma mara mbili kabla ya kuirudisha, kuhakikisha, alisema, kwamba haijalowa. Siku ile ya wino, katika mifuko ya nguo zile zenye madoa, alikuta vikaratasi vya kuwekea alama kitabuni, vyote vya aina moja. Upande mmoja palichorwa kiti cha kinyozi, upande wa pili jina la duka la vitabu na ramani ndogo ya kutoka bandarini. Na katika koti la kiongozi wao alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeorodhesha bandari tano za safari, na mbele ya kila bandari duka moja la vitabu na njia ya kulifikia.

Basi akaelewa. Wapo wanaozunguka dunia kwa meli ili waote jua. Hawa kumi na wawili walikuwa wanaizunguka kwa ajili ya maduka ya vitabu, yale yenye sifa ya kupendeza, yaliyojificha kwenye vichochoro. Kiongozi wao alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya majani pana kama sinia. Kule chini walimjua kwa kofia hiyo, maana kila wiki ilishushwa ipigwe brashi, wakamwita Bwana Kofia.

Kidole aliinakili orodha ile yote nyuma ya bahasha iliyochanika, herufi moja moja, kabla hajairudisha mahali pake.

Meli ilikuwa bado gatini siku hiyo. Kesho yake asubuhi, wenzake walipoteremka kwenda kutafuta viatu na simu, yeye alifuata ramani. Duka lilikuwa kweli la kinyozi zamani. Viti vitatu vya kuzungushwa vilikuwa bado vimekazwa sakafuni, vioo viko ukutani, na vitabu vimepangwa pale palipokuwa na chupa za mafuta ya nywele. Mwenye duka alimtazama viatu kwanza, kisha uso, kisha mikono. Kidole aliyahisi macho yale kama joto la pasi karibu na ngozi. Miguu yake ilitaka kugeuka, akaizuia. Alisema moyoni kwamba yeye hupekua mifuko ya watu wazima waliosoma, basi hakuna wa kumpekua yeye kwa macho. Akaingia mpaka ndani kabisa.

Na pale, juu ya meza ya duara, aliukuta wino. Kulikuwa na kitabu kikubwa cha wageni, kalamu ya kuchovya na kidau cha wino. Watu kumi na wawili walikuwa wameandika jana, kila mmoja na mwandiko wa kujikunjakunja kama sahihi ya benki. Chini yao kurasa zilikuwa tupu.

Alikaa kwenye kiti cha tatu. Alikizungusha kidogo. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwa lugha ya kwao, kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama watoto mstarini: *Kiti cha tatu kimechakaa mkono wa kushoto tu. Aliyekuwa akinyolewa hapa alikuwa anaogopa.*

Alipotoka nje ndipo akagundua kwamba hakuwa ameandika sentensi yoyote ya kwake, mbali na namba za vyumba na jina lake, tangu darasa la tano.

Kutoka bandari ya pili alikuwa anawatangulia. Haikuwa hila. Wafanyakazi wa zamu yake waliruhusiwa kushuka saa mbili asubuhi na kurudi kabla ya saa tano. Abiria walikunywa chai ndefu, wakatafuta kofia zao, wakateremka kuelekea saa sita. Kwa hiyo wino wake ulikuwa umekauka wao walipofika. Duka la pili lilikuwa chini ya daraja la reli, na humo aliandika: *Treni ikipita, vitabu vyembamba hutetemeka kwanza. Vinene vinajifanya havikusikia.* Duka la tatu lilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la zamani, lina rafu za kufika darini, na mwenyewe ni mzee anayechechemea. Humo aliandika: *Rafu ya juu haina vumbi na mwenye duka ana goti bovu. Kuna mtu anayefanya kazi hapa ambaye hatumwoni.*

Alijua anachofanya. Bango la chumba cha kufulia lilikuwa na kanuni kumi na tisa, na ni yeye peke yake mle ndani aliyewahi kuzisoma zote mpaka chini. Ya kumi na nane ilisema mfanyakazi haingii mahali palipopangwa kwa ziara ya abiria siku ya ziara hiyo, na akiingia hunyang'anywa kadi ya kushukia. Bila kadi, bandari unaisikia tu, nanga zikiteremka na watu wakicheka nje. Kidole aliisoma kanuni hiyo tena kila asubuhi ya bandari, kwa kidole, kisha akavaa viatu.

Jambo lingine alilofanya kila bandari lilikuwa kumpigia mama yake simu. Mama alianza namna ile ile kila mara: alikula nini, analala vizuri, halafu sauti ikashuka. Angesema, "Mwanangu, laiti si huu mguu wangu, ungemaliza shule na wewe." Mama aliumia mguu mwaka ule Kidole yuko darasa la tano, akalala miezi minne, na nyumba nzima ilijua kwamba binti aliacha shule ili kumwuguza. Kidole alijibu kila mara kwamba yamepita, Mama, yamepita, kisha akauliza habari za kuku.

Siku mbili baada ya duka la tatu, Bwana Kofia aliteremka mwenyewe chumba cha kufulia. Halikuwa jambo la kawaida. Abiria hawajui hata ngazi ya kufika kule. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya mabomba, ana karatasi mkononi, na uso unang'aa kwa mvuke na furaha. Alizungumza lugha ya melini, ile ambayo kila mtu aliizungumza vibaya kwa namna yake. Kumetokea ajabu, alisema. Tangu bandari ya pili, katika kila duka wanalofika, wanamkuta mtu amewatangulia, ameandika maneno machache kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua. Mwandiko wa kale, herufi za kuchonga, ameupiga picha na kuuchapa kwenye karatasi hii. Msafara mzima unaamini ni mwanazuoni mzee anayesafiri peke yake, pengine kwa meli nyingine. Mhudumu wa mezani ameyatazama maneno, akasema lugha hii kule chini kwenye kufulia iko. Je, mama anaweza kumsaidia?

Kidole alikuwa hatua tatu kutoka hapo, anapiga pasi suruali ya mtu. Hakuinua macho. Pasi ilisimama mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka, akaiondoa.

Shangazi alipokea karatasi akaisogeza mbali na macho. Kidole alimwona akiisoma mara ya kwanza, kisha akitupa jicho upesi kwenye bahasha zilizopangwa mezani, zote zina namba za vyumba kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Shangazi alikohoa. Halafu, bila kupepesa, akaanza kutafsiri. Alisema yameandikwa mambo mazito. Akasema kuna jua lisilotua, na bahari isiyo na ufuo, na msafiri mwenye taa moyoni anayevuka usiku wa ujinga. Akatia na nyota. Bwana Kofia aliandika haraka haraka, akimwomba arudie hapo kwenye taa. Alipoondoka alimshika Shangazi mikono yote miwili.

Mlango ulipofungwa, Shangazi alikaa kwenye pipa la sabuni.

"Njoo hapa, mwanaizaya."

Kidole akaenda.

"Wewe unajua kanuni ya kumi na nane?"

"Naijua."

"Basi mimi nilikuwa siijui mpaka nilipoona mwenzangu mmoja anashushwa bandarini na sanduku lake kwa sababu ya hiyo. Yule bwana angejua ni wewe, kadi yako imekwenda. Tena na mimi ningeulizwa nilikuwa wapi. Nimekuokoa, sasa mbona umenuna?"

Kidole aliangalia vidole vya miguu yake.

"Sikuandika taa, Shangazi. Niliandika goti."

"Goti halipendezi."

"Lakini ndilo nililoliona."

Shangazi alimtazama kama anayetazama shati ambalo doa lake limegoma. Akamwambia, kwa upole sasa, kwamba watu wa juu wanataka taa, wapewe taa, wakalale. Akamwomba aache kuandika, na yeye ataacha kusema uongo. Kidole aligeuka. Alirudi kwenye pasi.

Huenda angeacha. Hata yeye mwenyewe alifikiri ameacha, maana bandari iliyofuata alibaki ndani, akasema kichwa kinamuuma. Kilichomrudisha ni mifuko. Wiki hiyo nguo za msafara ziliposhuka, katika kila mfuko alikuta kikadi kipya, kimechapwa vizuri kwenye karatasi nene, kimezungushiwa maua. Bwana Kofia alikuwa amevitengeneza kwa ajili ya mezani. Juu paliandikwa Msafiri Asiyejulikana. Chini yake lilikuwapo jua lisilotua, na bahari, na taa, na nyota zote za Shangazi, na chini kabisa tangazo kwamba asubuhi ya bandari ijayo, katika duka la mwisho la orodha, msafara utawahi mapema kabla ya chai ili wamsubiri mwanazuoni huyo na kumpa heshima yake.

Kidole alikisoma kikadi hicho kwa kidole. Alikisoma mara kumi na mbili, kwa sababu vilikuwa kumi na viwili na kila kimoja kilipaswa kuingia bahasha yake. Kufikia cha mwisho masikio yalikuwa yanamchoma. Alishachekwa maishani. Kuchekwa alikujua, ni kama mvua, unakimbia unajificha. Lakini hakuwahi kufutwa huku akisifiwa. Walikuwa wamempa ndevu na mkongojo, wamemwekea mdomoni maneno ambayo hangeyasema hata kwa homa, halafu wanampigia makofi. Na treni, na goti, na yule mtu wa rafu ya juu asiyeonekana, vyote vimekwenda na maji ya mashine.

Kikadi kimoja hakukirudisha. Alikitia mfukoni mwake.

Asubuhi ya bandari ile Shangazi alimkuta anafunga kamba za viatu. Wakatazamana. Shangazi alisema wako huko tayari, wameteremka tangu saa mbili kasoro, na kwamba kichwa kikiuma ni vizuri kikaendelea kuuma leo. Kidole alisema kichwa kimepona. Shangazi akamkumbusha habari ya kadi. Kidole akaitoa kadi mfukoni, akaitazama picha yake, akairudisha.

"Nitakwenda," alisema. "Wakiichukua, waichukue nikiwa nimeshakwenda."

"Mtoto huyu," Shangazi akawaambia wale wengine saba, "kumbe siku zote amenyamaza alikuwa anaweka akiba."

Duka la mwisho lilikuwa duka la dawa zamani. Lilikuwa mwisho wa barabara inayopanda, na ndani kuta tatu zilikuwa droo ndogo ndogo za mbao kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa, kila moja ina kibandiko cha dawa kilichofifia. Mwenye duka, mama mwembamba aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alikuwa ameingiza vitabu vidogo ndani ya droo zile bila kubadilisha vibandiko, hata mtu akitaka kitabu cha mapishi anafungua dawa ya minyoo. Siku nyingine Kidole angecheka peke yake saa nzima. Leo aliona mashati tu.

Walikuwa wameketi nusu duara, wote kumi na wawili. Nyuso zao hakuwahi kuziona kwa karibu, lakini nguo alizijua zote. Yule pale ni chumba cha kumi na nne, kola yake hukatika upande mmoja kwa sababu ya ndevu. Yule mama mwenye blauzi ya kijani anamwaga kahawa kifuani kila Jumanne. Yule anayejifanya mtanashati, kitambaa cha mfukoni amekishonea ili kisianguke, na ni yeye Kidole aliyekishona tena kilipolegea. Watu ambao unajua jasho lao huwezi kuwaogopa kama zamani. Hilo lilimjia akiwa kizingitini, na likamsukuma ndani.

Bwana Kofia alimtambua kwa sare. Alisimama kwa tabasamu la haraka, akauliza kama ameletwa na ujumbe kutoka melini. Kidole akatikisa kichwa. Basi, alisema yule bwana kwa adabu, asogee kidogo mlangoni, kuna mzee wa heshima wanamsubiri na nafasi ni ndogo. Na kwa kuwa alishazoea kuhudumiwa, akavua koti lake akamkabidhi.

Kidole alilipokea koti. Alilikung'uta, akalitundika vizuri nyuma ya kiti cha yule yule bwana, akalinyoosha mabega. Kisha akampita, akaenda mpaka kwenye meza ya kitabu cha wageni, akaketi.

Alichovya kalamu. Kalamu ilijaa kupita kiasi na tone likaanguka kwenye ukingo wa sare yake, mkono wa kulia. Akaliona, akaliacha. Aliandika polepole, na alijua midomo yake inacheza. Nyuma yake mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, cha mwanamke, wala pengine hakikuwa na ubaya. Lakini Kidole alikisikia kwa masikio ya mtoto wa miaka kumi na moja, amesimama mbele ya darasa siku ya wageni, kitabu mkononi na kidole chini ya mstari, na darasa zima likiimba *kidole, kidole*, na mwalimu naye akigeukia dirishani ili mabega yake yasionekane yakitikisika.

Siku ile alikimbia. Leo aliweka kalamu chini, akageuza kiti akawatazama, akakishika kile kitabu kikubwa magotini. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, mahali ambapo wote wangekiona, akasoma kwa sauti kwa lugha ya kwao. Halafu akarudi mwanzo, akawapa kwa lugha ya melini, neno baada ya neno:

"Watu kumi na wawili wananisubiri hapa, na nimeingia, na hawajaniona. Mashati yao nimeyapiga pasi mimi."

Bwana wa chumba cha kumi na nne alijigusa kola.

"Lakini mzee yuko wapi?" aliuliza Bwana Kofia. Aliuliza kwa dhati kabisa, akichungulia mlangoni.

"Hakuna mzee," alisema Kidole. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuvunjika. Akatoa kikadi mfukoni, akakiweka juu ya meza. "Haya si maneno yangu. Sijawahi kuandika taa. Kule kwa kinyozi, mlipokwisha kuondoka, niliandika kiti cha tatu kimechakaa mkono mmoja, aliyenyolewa hapo alikuwa anaogopa. Chini ya daraja niliandika vitabu vyembamba hutetemeka kwanza. Kwa mzee wa goti niliandika kuna mtu anayefanya kazi pale ambaye hatumwoni. Mkivipenda hivyo, ni vyangu. Mkipenda jua lisilotua, mtafuteni mwenyewe."

Yule mama wa blauzi ya kijani, aliyecheka, sasa alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Bwana mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, kama mfanyakazi anaruhusiwa kuwa hapa. Kidole alimjibu yeye mwenyewe, akamtajia namba ya kanuni, kumi na nane, akamwambia iko mstari wa pili kutoka chini, akitaka kuisoma. Mwenye duka alikuwa amesimama kando muda wote huo. Akaja, akakichukua kitabu cha wageni kwenye magoti ya Kidole, akautazama ukurasa ule ambao hakuweza kuusoma. Akautia unga wa kukaushia wino, akakirudisha mezani kikiwa wazi pale pale.

Kidole alipoondoka alifungua droo moja karibu na mlango, kwa kuwa alikuwa na haki ya kutazama kama mgeni yeyote. Kibandiko kilisema dawa ya kifua. Ndani kulikuwa na kitabu cha mashairi. Akaifunga taratibu.

Kadi yake ilichukuliwa kabla ya chakula cha mchana. Ofisa alimwambia ni mpaka mwisho wa safari, na zilikuwa zimebaki bandari nne. Alimwambia kwamba Bwana Kofia mwenyewe hakulalamika, ni yule mwingine, na kwamba akiomba msamaha kwa maandishi huenda muda ukapunguzwa. Kidole alisema maandishi ataandika, lakini ya msamaha hapana. Shangazi naye aliitwa. Alirudi amevimba, akaipiga teke mashine namba tatu, akasema ameonywa kwa kuwa na nyota nyingi mdomoni. Alimnunia Kidole tangu saa saba mpaka saa kumi, na kwa Shangazi huo ulikuwa mnuno mrefu kupita yote waliyowahi kuiona. Halafu akasogea karibu na meza ya pasi, akajitia anatafuta chupa ya maji.

"Ile ya treni," akasema. "Uliandikaje hasa?"

Kidole akamwambia.

"Vinene vinajifanya havikusikia," alirudia Shangazi. Akacheka mpaka akashika pipa. "Huyo ni ofisa wetu yule. Ungeniambia mapema ningemtafsiria hivyo hivyo."

Meli ilikuwa bado gatini jua lilipoanza kulegea. Kidole alipanda mpaka sitaha ya wafanyakazi, mahali penye kamba nene zilizoviringishwa, ambapo simu inashika. Chini watu walikuwa wanapanda na kushuka na kadi zao. Kwenye ukingo wa mkono wake wa kulia doa la wino lilikuwa limeshakauka. Brashi na sabuni vilikuwa ngazi tatu chini na hakuvifuata.

Mama alipokea. Aliuliza amekula nini. Aliuliza kama analala vizuri. Kisha sauti ikashuka, kama kawaida, akaanza, mwanangu, laiti si huu mguu wangu.

"Mama, ngoja," alisema Kidole. "Mguu wako haukunitoa shule. Nilitoka mwenyewe, wiki mbili kabla hujaanguka. Nilikuwa naondoka nyumbani na sare, nakaa nyuma ya ghala mpaka saa nane, narudi. Walinicheka nikisoma kwa kidole. Ulipoumia nikapata sababu nzuri, nikakuachia wewe uibebe miaka yote hii. Haikuwa yako, Mama, ilikuwa yangu. Leo nimesoma tena mbele ya watu, kwa kidole hiki hiki, na sikukimbia."